Mgomba Uliovaa Shati la Mwesiga

Kaagya, Jumapili, 11 Februari 2024

Mume wangu Mwesiga,

Kama umekufa kweli, barua hii irudi na Yasmin na mimi nitanyamaza. Kama hujafa, kaa mahali pakavu uisome yote, usianzie mwisho kama ulivyokuwa unafanya na vitabu vya shule.

Ni mimi bibi yako Anatolia, mama yake baba yako Gamaliel. Macho yanaona mbali, karibu hayaoni. Meno yamebaki ya kutafunia kahawa tu. Mguu wa kushoto ni ule ule. Kalamu sijawahi kuishika, unajua, siku walipopita kuandikisha watoto shuleni mimi nilifichwa nyuma ya mibuni nilinde mbuzi, na mbuzi wenyewe walikula daftari la kaka yangu, lakini hiyo ni habari nyingine. Kwa hiyo naongea, mwingine anaandika. Usiulize ni nani. Ana hofu na ana haki ya hofu.

Sasa. Juzi sokoni Yasmin, yule binti wa Bukoba mjini anayeleta dagaa, ameniambia, "Bibi, dagaa hizi nimepimiwa na mjukuu wako." Nikasema nina wajukuu wengi, yupi? Akasema, "Yule mrefu mwenye kovu kidevuni, fundi wa mashine za boti kule kisiwani Goziba. Anakaa na mwenzake, Rwekaza." Waitu, nilikaa chini juu ya gunia la mtu. Mwenye gunia akanitukana, sikumjibu. Na mimi huwa najibu.

Maana wewe tulikuzika, mume wangu.

Mwaka juzi, Novemba, boti ilizama kwa upepo, redio ikasema. Baba yako akaenda Muleba, mwaloni zinakofikia boti, kuuliza. Aliondoka asubuhi, jioni amerudi. Mtu anamtafuta mwanawe kwenye maji makubwa kama yale, jioni amerudi? Akasema, "Mwesiga alikuwa ndani. Ziwa limemchukua." Kengele ikapigwa. Mwili hatukuwa nao, tukafanya kama wanavyofanyiwa wote wanaomezwa na maji: unakatwa mgomba wa urefu wa marehemu, unavishwa nguo yake, unalazwa kaburini, watu wanalia, wanakwenda. Baba yako aliuvisha lile shati lako jeupe la kipaimara. Akalifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Mchungaji akasoma mavumbi kwa mavumbi, tukaimba, na sauti yangu siku hiyo ilitoka vizuri sana, kila mtu alisema.

Lakini mgomba wa kuzika hukatwa, haung'olewi. Unakatwa juu, kwenye shina laini, usibaki na jicho hata moja la kuotea. Hata mtoto wa hapa anayejifunza kutembea anajua. Baba yako, aliyezaliwa chini ya migomba, aliung'oa pamoja na kisiki chake. Nilimwona, nikadhani ni majonzi. Kumbe mkono ulikuwa haumtii.

Sasa umeota. Umeota kwenye kaburi lako, pale juu ya kifua. Akaukata, ukarudi. Akaukata tena, ukarudi mnene zaidi. Siku hizi anaupita kwa mbali akielekea kanisani, na wiki hii umetoa mkungu.

Kuku hawachakuri pale. Mbwa analala pale mchana kutwa, na ukimtajia jina lako haangalii njiani. Anaangalia chini.

Wazee walikuwa wanasema, na mimi sisemi ni kweli, nasema walikuwa wanasema: mgomba wa kaburi ukizaa, mkungu ukakomaa ukaanguka wenyewe pasipo mkono wa mtu, basi kaburi limepokea. Kama aliyezikwa alikuwa hajafa, atakufa. Mchungaji anasema hayo ni ya kipagani. Sawa. Na kumzika mtu hai kwa jina la Yesu, hayo ni ya nani?

Niambie kama uko hai. Nakutumia kahawa za kutafuna, nimechemsha mwenyewe. Kama umeshindwa kuzitafuna, nitajua.

Bibi yako Anatolia. Hilo doa la wino ni kidole changu.


Goziba, 2 Machi 2024

Bibi, shikamoo.

Sijafa. Kahawa nimetafuna zote, hata ile iliyooza.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, halafu nikakaa, halafu Rwekaza akanisomea kwa sauti kwa sababu nilidhani macho yangu yananidanganya. Sikujua kwamba nimezikwa. Ile boti ilikuwa tuipande kweli. Rwekaza alichelewa kutafuta spana, tukaachwa. Pale mwaloni walikuwa na majina ya waliokufa na langu halikuwemo. Mtu yeyote ambaye angeuliza angejibiwa.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini umeniuliza kama niko hai, na siwezi kukujibu kwa neno moja.

Kuna mambo, Bibi, ambayo sikuwahi kuyaweka pamoja mpaka barua yako ilipofika. Nahodha akiita majina ya watu wake kabla ya kutoka, langu analiruka. Si kwa ubaya. Nikisema "nipo" anashtuka. Juzi aliniambia, "Samahani fundi, nilikuwa nakutazama na sikuoni." Nikilala chali, kifua kinabanwa kama nimewekewa mzigo, kwa hiyo nalala nimekaa. Asubuhi kucha zangu zina udongo mwekundu. Goziba ni mawe, na kazi yangu ni grisi.

Na mashati. Kila shati langu lina doa jeusi kwenye kola. Rwekaza alisema ni oili. Oili inatoka kwa petroli na sabuni. Hili halitoki. Ni utomvu wa mgomba, Bibi, nimekulia ndani yake, naujua kama ninavyojua harufu ya jiko lako. Hapa kisiwani hakuna mgomba hata mmoja.

Rwekaza peke yake hajawahi kunisahau. Ananitaja jina mara nyingi kwa siku, bila sababu. Nilidhani ni mazoea yake. Sasa nadhani aliona mapema kuliko mimi.

Tena huo mwandiko. Hiyo mikia iliyojikunja ilikuwa inasaini ripoti zangu tangu darasa la kwanza. Unayemwambia aandike ni mama. Mwambie kwamba... hapana, usimwambie kitu, yuko hapo anasoma.

Mama, shikamoo.

Mjukuu wako,
Mwesiga


Kaagya, Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Mume wangu,

Umesema wewe, sikusema mimi.

Mama yako alipofika pale kwenye shikamoo alisimama, akaenda kutazama sufuria ambayo haikuwa motoni. Akarudi, akasoma mpaka mwisho. Hajasema kitu. Hawezi. Siku ile wazee wa kanisa walipomaliza kukuombea ukaondoka na begi, baba yako alimshikisha Biblia mama yako Agnetha, akamwapisha: mpaka uache mambo yako, asikuambie wala kukuandikia neno lake hata moja. Naye akishaapa ameapa, familia yao ndivyo walivyo, vichwa vya mawe. Ndiyo maana kila neno hapa ni langu. Yeye ni kalamu, na kalamu haikuapa. Mimi hakuniapisha. Angeanzaje, nimemzaa.

Tunaandika Jumapili mchana baba yako akiwa kwenye kikao cha wazee. Leo ana matawi, watachelewa.

Tuzungumze la dhambi basi, maana najua linakukaa moyoni. Mchungaji anasema ni dhambi, ameonyesha na mahali palipoandikwa. Mimi sisomi, siwezi kumbishia. Lakini nimekaa kwenye benchi lile tangu nikiwa msichana, na nimesikia dhambi nyingi zikisomwa. Uzinzi umesomwa, na waliozini wamekaa pale pale, wamekula meza ya Bwana Jumapili iliyofuata. Wizi umesomwa, na mwizi wa kahawa ya ushirika akapewa kushika kapu la sadaka. Sijaona hata mmoja aliyechimbiwa kaburi. Kwa nini hii yako ndiyo ikachimbiwa?

Nikupe habari ya babu yako Isaac, na usiseme unaijua, huijui. Babu yako alikuwa na Kahigi. Walifanya mukago, undugu wa damu, wakiwa vijana: walichanjana kitovuni, wakapasua buni moja, kila mmoja akachovya nusu kwenye damu yake na mwenzake akaitafuna. Kahigi alikuja hapa kusaidia mavuno ya kahawa. Hakurudi kwao tena. Walilala chumba cha mbele wakiongea, mimi na watoto chumba cha nyuma. Nilipika, walikula sahani moja. Watu hawakuuliza, mimi sikuuliza, na nyumba ilikuwa na amani kuliko nyingi. Kahigi ndiye aliyemfundisha baba yako baiskeli, na baba yako alimwita Taata, kama baba yake. Wamelala pale kwenye kibanja, kati ya migomba, bega kwa bega, kila mmoja na msalaba wake. Baba yako anawapalilia wote wawili kila Pasaka. Halafu akisimama kanisani kusoma habari ya Sodoma sauti inamtetemeka. Huwa najiuliza anamsomea nani.

Nafika kwenye jambo lenyewe. Babu yako alipofariki, Kahigi alikuwa Uganda kwenye vibarua, tukazika bila yeye. Aliporudi akasema kaburi halijafungwa. Mwenye mukago asipotupa udongo wake, kaburi liko wazi hata ukilipiga saruji. Akatoa udongo wa juu kwa mikono, akarudisha yeye mwenyewe huku analia kama mtoto. Mama mkwe wangu akaniambia, "Kumbuka hili: mwenye haki ya kulifunga ndiye pekee anayeweza kulifungua. Lakini kulifungua haji mpaka aitwe na aliyezika."

Na wewe na Rwekaza mlifanya mukago, usinikatalie. Ulikuja ukaniomba buni moja, moja tu, nzima na ganda lake. Mtu haombi buni moja ya kutafuna.

Kwa hiyo nikamwendea baba yako. Nikasema, "Gamaliel, mwanao yuko hai." Hakushtuka. Hapo ndipo nilipoogopa, mume wangu. Sikuwahi kumwogopa mtoto niliyemnyonyesha. Nikasema, "Mwite Rwekaza aje afungue." Akasema, "Mama, huyo mtu hatakanyaga kibanja changu." Nikasema, "Na mwanao anakanyagwa na kibanja chako, hilo huoni?" Akaondoka kwenda kupiga dawa kahawa. Mvua ilikuwa inanyesha.

Njoo wewe basi. Hata usipofungua, ukanyage tu, lijue uko juu. Mkungu umeanza kuinama.

Bibi yako Anatolia


Goziba, 20 Aprili 2024

Bibi, shikamoo. Mama, shikamoo.

Siji. Usikasirike.

Siku ile ya maombi, baada ya wazee kunishika kichwa mpaka shingo ikauma, baba alinisindikiza hadi mlangoni. Aliniambia polepole, wengine wasisikie, "Heri ningekuzika nikakulilia, kuliko hivi." Kumbe alikuwa anapanga. Nikija bila kuitwa nitakuwa mzimu uliokuja kudai chakula. Nataka aniite. Na kama sheria ya Kahigi inasema amwite Rwekaza, basi amwite Rwekaza, kwa jina lake, kwa mkono wake.

Usidhani nimeacha kusali. Hapa tunasali kwenye banda la nyavu, naimba besi yangu ile ile. Sijui Mungu ananionaje. Ila sijawahi kuhisi kwamba yeye pia ananiruka kwenye majina.

Yasmin alipoleta barua yako alimpa Rwekaza, akamuuliza, "Mwesiga yuko wapi?" Nilikuwa nimekaa katikati yao. Rwekaza aliweka mkono begani kwangu akasema, "Huyu hapa." Yasmin alitazama mkono wa Rwekaza muda mrefu, halafu akasoma dua.

Rwekaza anataka aje bila kuitwa. Nimemkataza. Analia akidhani sioni.

Mjukuu wako,
Mwesiga


Kaagya, Jumapili, 30 Juni 2024

Mume wangu, kama bado uko.

Yasmin hajapita tangu Mei, amejifungua, ni msichana, wamemwita Zabibu. Leo kaja dada yake kubeba barua. Andika haraka, nimemwambia mama yako, na yeye anaandika haraka lakini mimi siwezi kuongea haraka, unanijua.

Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno.

Wiki nzima nilikuwa nakaa kwenye kigoda pale kaburini, nautazama mkungu. Shingo yake ilikuwa imeanza kupasuka. Bado kidogo uanguke. Baba yako amekataa, wewe umekataa, wote mmebeba kichwa cha Isaac. Nikasema pasipo mkono wa mtu, si ndivyo walivyosema? Basi mkono wa mtu uwepo. Asubuhi baba yako akiwa ametangulia kanisani nilimwambia mama yako alete panga. Sikumwambia la nini. Akalileta likiwa limenolewa. Aliukata yeye, pigo moja, akaufunika kanga, akajitwika. Ni mkubwa, sijaona mkungu kama huo tangu enzi za Isaac. Mbwa alitufuata mpaka mlango wa kanisa, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Unajua ibada ya mavuno ilivyo, baada ya mahubiri vitu vinanadiwa, na mnadishaji ni baba yako kwa sababu ana sauti. Akanadi maharage, akanadi jogoo wa mama mmoja aliyemponyoka akapanda madhabahuni, watu wakacheka sana. Halafu akafika kwenye mkungu wetu. Akaunyanyua juu kwa mikono miwili, akauliza kama anavyouliza siku zote, "Huu mkungu mzuri, ameuleta nani?"

Nikasimama na fimbo yangu. Nikasema, "Mwesiga Gamaliel."

Tukamsikia jogoo anakwaruza huko mbele. Baba yako hakuushusha. Akabaki ameunyanyua, na kikonyo kikawa kinatiririsha utomvu, tone, tone, kwenye kola ya shati lake jeupe. Nililiona doa linakua.

Mchungaji akasema kwa upole, "Bibi Anatolia, Mwesiga alifariki." Nikasema, "Muulize aliyemzika."

Mchungaji akamgeukia. "Mzee Gamaliel. Nilisoma maneno ya maziko juu ya nini?"

"Juu ya mgomba, Mchungaji."

"Hilo nalijua. Kwa ajili ya nani?"

Baba yako akasema, "Mwanangu yuko hai. Nilifika mwaloni nikaona majina, jina lake halimo. Nilijua siku ile ile." Bado alikuwa ameunyanyua. Wazee wawili wakaenda kumpokea.

Kelele baada ya hapo usiulize. Esther wa kwaya akasema kwa sauti ya kusikika, "Bora huo mgomba, angalau unazaa." Wenzake wakacheka. Nikamwambia, "Na wewe Esther ungezikwa leo, tungeotesha nini? Pilipili." Hata mchungaji alifunika mdomo. Wengine waliondoka wamekasirika, wanasema heri ungebaki umekufa, wangekuombea vizuri. Mchungaji amemwambia baba yako akae pembeni na uzee wa kanisa mpaka watakapoitana. Akasema, "Dhambi ya kijana mtaijadili, lakini kwanza tumemdanganya Mungu kwenye kaburi, na mimi ndiye niliyesoma."

Mkungu hakuna aliyeutaka. Tumerudi nao.

Baba yako yuko chumba cha mbele. Hajavua lile shati. Sijui anafanya nini mle, nasikia tu karatasi zinachanwa.

Ukiipata hii, tafadhali kohoa, piga chafya, fanya chochote, mtu akusikie.

Bibi yako Anatolia


Kaagya, 3 Julai 2024

Kwa Rwekaza, Goziba.

Salamu katika jina la Bwana.

Mimi ni Gamaliel Isaac, baba yake Mwesiga. Sikuiti rafiki, na sitaki udhani nimebadili ninachoamini kuhusu maisha mnayoishi. Naamini ni dhambi. Naamini pia kwamba nilisimama mbele ya madhabahu nikatoa machozi ya uongo, na watu wakanipa mkono wa pole, nikaupokea. Kwa muda mrefu nilidhani ya kwako ni kubwa kuliko ya kwangu. Sasa sijui tena namna ya kuzipima.

Nilipokuwa mtoto palikuwa na mtu katika nyumba hii niliyemwita Taata ambaye hakuwa baba yangu. Nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu mama yangu anasema lazima niseme ukweli mmoja ninapokuita, vinginevyo wito haufiki.

Ninakuita, Rwekaza. Njoo ufungue kaburi nililolichimba mimi.

Mwesiga abaki huko mpaka umalize. Ndivyo mama anavyosema inavyotakiwa.

Gamaliel Isaac


Kaagya, Jumapili, 14 Julai 2024

Mume wangu Mwesiga,

Barua hii anakuletea Rwekaza mwenyewe, kwa hiyo ukiiona ujue amefika salama. Kama ameloa, mpe kwanza nguo, barua haikimbii.

Alikuja Ijumaa na basi la Muleba, akatembea kutoka barabarani, amebeba jembe lake mwenyewe. Jembe, toka Goziba. Nikamuuliza, "Huku kwa Wahaya ulidhani hatuna majembe?" Akasema, "Bibi, sikujua kama mtaniazima." Ni mwembamba kuliko nilivyokumbuka. Mpikie.

Baba yako alikuwa amesimama kwenye mibuni. Hawakupeana mikono. Rwekaza akasema shikamoo, baba yako akaitikia marahaba, tena vizuri. Wakaenda. Mimi nilibebewa kigoda, mama yako akakaa chini karibu yangu. Majirani walikuja mpaka kwenye ua wakabaki nje yake, hakuna aliyeingia, hakuna aliyeondoka.

Udongo wa juu anatoa mwenye mukago peke yake, kwa mikono. Aliutoa huku anataja jina lako. Hakuwa anapiga kelele. Kama mtu anayemwamsha mwenzake asichelewe kazini. Halafu nikamwambia baba yako ashuke na yeye.

Wakachimba. Baadaye nikamsikia baba yako anasema, "Hili haliifuti dhambi." Rwekaza akasema, "Mzee, inua jembe kidogo, utakata shati."

Shati lilikuwepo, mume wangu. Migomba mingine hapa inaoza mwezi mmoja, na nguo vile vile, ardhi yetu haina subira. Shati lilikuwa jeupe. Vifungo vyote vimefungwa. Na mgomba ulikuwa umepita ndani yake, umepanda toka tumboni, umetokea kwenye kola, pale pale kichwa kingekuwepo. Umebanwa na kile kifungo cha shingo mpaka umeingia kidonda. Lilikuwa limelowa maji. Udongo ule mkavu, kiangazi, na shati limelowa, linanuka ziwa. Linanuka dagaa.

Majirani walirudi nyuma hatua. Hata Esther, nilimwona.

Rwekaza hakuweza kuligusa. Akakaa juu ya udongo. Ni baba yako aliyepiga magoti mle ndani akakifungua kile kifungo. Vidole vyake vinene, kinateleza, alihangaika muda mrefu. Alipokifungua alisema jina lako. Sikuwa nimemsikia akilisema tangu tulipouzika ule mgomba. Ilikuwa mchana, jua likiwa juu ya nyumba ya jirani Datius. Ukumbuke siku hiyo ya Ijumaa wakati kama huo ulikuwa unafanya nini, uniambie.

Jioni baba yako alileta kikapu cha kahawa za kutafuna, akakiweka mbele ya Rwekaza. Hakumpa mkononi. Alikiweka, akatoka nje. Lakini alikileta yeye, hakumtuma mtu. Nikamwambia Rwekaza, "Mimi humwita Mwesiga mume wangu, basi wewe ni mke mwenzangu, chukua kahawa, tusigombane." Akacheka mpaka akakohoa. Nje baba yako aliacha kutembea, akasikiliza, halafu akaendelea kutembea.

Sijui kama atakaa nawe meza moja. Sikudanganyi. Anasali sana, anakula kidogo, na kanisani anakaa benchi la nyuma na mimi, jambo ambalo linanisumbua maana anaimba kwa sauti sikioni kwangu.

Mambo matatu nimeachiwa niyaseme. Mche tumeung'oa, Rwekaza anao kwenye gunia, ameuviringishia lile shati. Upandeni huko kwenye mawe au mtupe majini, wenyewe mtajua, lakini hapa hauwezi kubaki. La pili, ule mkungu unaning'inia jikoni na hauivi. Wiki mbili, kijani vile vile. Hatujaugusa. Nadhani unamsubiri mwenyewe. La tatu, shimo liko wazi. Si sisi wa kulifukia, ni wewe. Mbwa amehama toka pale, sasa analala njiani, kichwa kaelekeza barabara ya Bukoba.

Aliyeliliwa akirudi hapiti mlango wa mbele, hilo unalijua. Pita nyuma. Usiogope shimo, liko upande wa kushoto, lipite ukiwa umeshikwa mkono.

Nimemaliza. Mimi Anatolia. Kidole changu hicho. Sasa namwachia kalamu, ameniomba, na mimi naenda kukojoa.

Mwanangu Mwesiga. Niliapishwa nisimwandikie kijana ambaye baadaye alizikwa. Ijumaa nimeona kwa macho yangu kwamba kaburini hakuna mtu, basi na kiapo hakina mtu. Hili ndilo neno langu la kwanza kwako: marahaba. Zile mbili zote ulizoniamkia. Nipo jikoni, mlango wa nyuma sijaufunga.

Mama yako, Agnetha